Jukwaa la mijadala unaloweza kuhama nalo

Mkulima wa Maneromango, wilayani Kisarawe, anang'oa muhogo na kukuta ndani mizizi imeoza mabaka makavu ya kahawia, ilhali majani yalionyesha dalili chache sana. Anapiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Haipiti nusu saa, afisa ugani aliyeko Kibaha anamjibu: huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, si batobato, huenezwa na inzi weupe, lakini husafiri mbali zaidi ndani ya pingili tunazopeana kama mbegu, kwa hiyo usimgawie jirani. Jibu ni sahihi na limekuja kwa wakati. Mwezi mmoja baadaye jirani yule yule anauliza swali lile lile, na jibu la kwanza limeshafunikwa na salamu za asubuhi, michango ya msiba na video za mpira. Afisa anaandika upya, au anachoka na kunyamaza.

Hasara hii hutokea kila siku katika makundi ya wakulima, walimu wa sayansi na wauguzi, nami naiona kuwa kubwa kuliko tunavyoikadiria. Maarifa yapo, na watu wako tayari kuyatoa bure. Kinachokosekana ni mahali pa kuyaweka ili mtu wa mwaka kesho ayakute. Ndiyo kazi ya programu za kuendeshea majukwaa ya mijadala, na zilizo bora kati yake ni huria: yeyote anaweza kuzipakua, kusoma msimbo wake, kuzirekebisha na kuzigawa bila kulipia.

Msomaji aliyewahi kupita JamiiForums analijua umbo la jukwaa la namna hii. Kuna majukwaa madogo kwa kila somo, mleta mada anafungua uzi, na wengine wanachangia chini yake. Nyuma ya pazia kuna hifadhidata yenye majedwali: moja la wanachama, moja la mada, moja la michango, jingine la ruhusa, yaani nani aone nini na nani afute nini. Ukifungua ukurasa, programu iliyo kwenye seva huyasoma majedwali hayo, hukusanya michango ya uzi ule kwa mpangilio wake na kukutumia. Kwa sababu kila uzi una anwani yake, afisa ugani wetu hahitaji kuandika upya. Anatuma anwani tu. Na anayetafuta "muhogo kahawia" analipata jibu hata kama lilitolewa miaka mitano kabla hajajiunga.

Kati ya programu hizo huria, phpBB ilianzishwa na James Atkinson mwaka 2000, na hadi leo inaendelezwa na watu wanaojitolea. Discourse ilitangazwa mwaka 2013 na Jeff Atwood, Robin Ward na Sam Saffron, nayo ina kampuni inayoishi kwa kuwaendeshea wateja majukwaa yao. Zote mbili ziko chini ya leseni huria ya GPL toleo la 2. Zipo pia MyBB, SMF, Flarum na NodeBB. JamiiForums yenyewe, iliyoanzishwa na Maxence Melo na Mike Mushi mwaka 2006, inatumia XenForo, ambayo ni ya kulipia. Mnunuzi anaweza kuurekebisha msimbo kwa matumizi yake, ila haruhusiwi kuugawa. Si kosa kulipia programu nzuri. Tofauti huonekana mwenye programu anapobadilika. PunBB ilipoingia mikononi mwa kampuni, baadhi ya waliokuwa wakiiendeleza walichukua msimbo wake, jambo ambalo leseni iliwaruhusu, na mwaka 2008 wakaanzisha FluxBB. Waliokuwa na majukwaa yao wakapata pa kuhamia pamoja na michango yao yote. Programu iliyofungwa ikifa, unabaki na hifadhidata ambayo lazima umtafute fundi wa kuitafsiri.

Uwezo huo wa kuhama na kila kitu ndio ninaouthamini kuliko bei. Kundi la WhatsApp halihami. Kampuni ikibadilisha masharti, au simu ya msimamizi ikipotea, hakuna faili moja unaloweza kulibeba na kulifungua mahali pengine likiwa na wanachama wake, mada zake na utafutaji wake.

Mfano wa karibu nasi uko kwenye zahanati. Takwimu za afya za wilaya zetu, Kibaha na Kisarawe zikiwemo, huingizwa katika DHIS2, mfumo huria unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya nao kazi kwa miaka mingi. Mtaalamu wa takwimu akikwama, pa kuulizia ni jukwaa la watumiaji wa DHIS2 duniani, nalo linaendeshwa kwa Discourse. Swali lililoulizwa nchi nyingine, pamoja na jibu lake, linasomeka Tumbi, Kibaha, bila mtu kuuliza tena. Watumishi wetu wa afya wananufaika na chombo hiki tayari. Wakulima na walimu wa wilaya hizo hizo bado hawajakipata.

Sasa uchaguzi. Discourse ni nzuri mno: ina utafutaji mzuri, inatuma michango kwa barua pepe, na ina ngazi za uaminifu kuanzia 0 hadi 4, ambapo mgeni hawezi kumwaga viungo na picha mpaka asome na kushiriki kwa muda. Lakini inataka seva yenye kumbukumbu ya angalau gigabaiti 1, inasimikwa kwa chombo kiitwacho Docker, na inaishushia simu mzigo mkubwa wa msimbo kabla ya ukurasa kufunguka. phpBB ni ya kizamani kwa sura, ila inakubali huduma ya kawaida ya kupangisha tovuti, ile ya bei ndogo, na kurasa zake ni nyepesi. Kwa mkulima wa Maneromango mwenye simu ya kawaida na bando la siku, mimi ningeweka phpBB. Kwa mtandao wa walimu wenye kompyuta shuleni, pale Minaki kwa mfano, na mtu mmoja anayeijua Linux vizuri, Discourse. Kigezo changu si orodha ya sifa. Nauliza nani ataitengeneza ikizimika Jumamosi usiku.

Swali hilo lina historia yake. Desemba 2004 mnyoo wa kompyuta ulioitwa Santy ulivamia majukwaa ya phpBB duniani. Uliyatafuta kwa kutumia Google, ukaingia kupitia tundu lililokuwa kwenye ukurasa wa kuonyesha mada, na kufuta yaliyoandikwa katika maelfu ya tovuti. Toleo lililoziba tundu hilo lilikuwa limeshatoka mwezi uliotangulia. Walioumia ni wale ambao hawakusasisha. Msimbo ulio wazi uliruhusu kasoro ionekane na irekebishwe, lakini hakuna leseni inayomwamsha msimamizi alisimike rekebisho. Ndiyo maana nasema kabla ya kuchagua programu, chagueni watu wawili wa kuilea, si mmoja, na waandikeni kwenye muhtasari wa kikao.

Pa kuanzia, nionavyo, ni Shirika la Elimu Kibaha. Lilizaliwa kama Kituo cha Nordic, mradi wa Tanganyika na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden uliofunguliwa mwaka 1963 kupambana na ujinga, maradhi na umaskini, na mwaka 1970 likakabidhiwa kwa serikali. Pale pale pana shule, maktaba na chuo cha maendeleo ya wananchi, na si mbali kuna kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Kibaha. Ni miongoni mwa sehemu chache nchini ambapo mwalimu, mkutubi na mtafiti wa mazao wanaweza kukutana kwa miguu. Seva yenyewe isikae chini ya meza ya ofisi, ikizimika kila umeme na intaneti vinapokatika. Ipangishwe, kwa dola chache kwa mwezi, na nakala ibaki Kibaha.

Lugha isiwe kisingizio. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili. Discourse leo ina faili la Kiswahili ndani yake. Tafsiri ina mapengo, na kuyaziba ni kazi ambayo wanafunzi wa Kibaha Sekondari wanaweza kuifanya bila kujua kuandika msimbo hata mstari mmoja.

Upande wa sheria ni mzito, na haufai kupitwa haraka. Programu ni bure, kufungua jukwaa la umma si lazima kuwe bure. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka ada ya leseni ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka, na Juni mwaka huo JamiiForums ilisimama kwa muda. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020 na zimerekebishwa tangu hapo, kwa hiyo waanzilishi waende Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kabla ya kutangaza anwani. Kisha kuna suala la majina ya wachangiaji. Maxence Melo alikamatwa Desemba 2016 akitakiwa kutoa taarifa za watumiaji, akakataa. Aprili 2020 mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani na kumtoza faini ya shilingi milioni 3. Kabla ya hukumu hiyo, mwaka 2019, Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari yenye makao New York ilimpa tuzo ya kimataifa ya uhuru wa habari. Mwendesha jukwaa ndiye anayebeba dhamana ya kila kilichomo kwenye seva. Tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo inamtaka azitunze taarifa hizo ipasavyo. Hapa msimbo huria unasaidia kwa namna ya moja kwa moja: unaweza kuona ni taarifa zipi zinahifadhiwa, na kuziondoa usizozihitaji. Jukwaa la muhogo halina haja ya tarehe ya kuzaliwa ya mtu.

Na wasimamizi wa maneno wanahitajika kama wale wa mitambo. Mashada, jukwaa la Wakenya lililoendeshwa na David Kobia, lilifungwa Januari 2008 kwa sababu chuki za kikabila baada ya uchaguzi zilishinda uwezo wa kuzizuia. Mwezi huo huo Kobia aliungana na Ory Okolloh, Erik Hersman na Juliana Rotich kujenga Ushahidi, programu huria ya kukusanya taarifa za matukio kwenye ramani, ambayo baadaye ilitumika hata Haiti baada ya tetemeko la 2010. Lakini jukwaa lenyewe lilikuwa limezimika. Kuanza na wanachama hamsini wanaofahamiana, sheria fupi za mjadala na wasimamizi watatu wa zamu ni salama kuliko kufungulia umma siku ya kwanza.

Hatua ambayo wengi huiruka ni hii: siku programu inaposimikwa, fungueni nyuzi tano za majaribio, chukueni nakala ya hifadhidata pamoja na picha zilizopakiwa, kisha mzirejeshe kwenye kompyuta nyingine kabisa. Zikifunguka zote tano, pamoja na picha ya muhogo wenye mabaka, karibisheni wanachama. Zisipofunguka, jukwaa bado halijawa lenu.