Sampla, kadi na fleshi: kwaya ya Tukuyu iweke wapi fedha zake

Mhazini akitangaza kwamba mchango wa chombo kipya umetimia, kwaya huanza kubishania jina la mashine. Naomba mjadala uanzie kwenye hifadhi na umeme, kwa sababu hapo ndipo wimbo hukatikia, mbele ya waumini au katikati ya harusi.

Sampla hurekodi kipande cha sauti na kukipiga papo hapo unapobonyeza pedi. Kwetu ina kazi mbili. Ya kwanza ni kushika nafasi ya vyombo ambavyo siku hiyo havina mpigaji. Ya pili, ninayoithamini zaidi, ni kubeba sauti za nyumbani: matarumbeta ya Wamoravian, ambao misheni yao ilianza Rungwe mwaka 1891, ngoma za Kinyakyusa, vigelegele vya akina mama. Sauti hizo huzikuti kwenye kinanda kama kinavyotoka kiwandani. Lazima uzirekodi mwenyewe.

Anza na kinanda mlichonacho

Kama kwaya ina Yamaha ya mfululizo wa PSR-SX, msinunue kitu kabla ya kukijua vizuri kinanda hicho. SX600 ina nafasi ya megabaiti 100 hivi za kuongezea sauti, SX700 ina 400, SX900 ina gigabaiti 1. Sauti huandaliwa kwenye kompyuta kwa programu ya Yamaha Expansion Manager, kisha huhamishwa kwa fleshi. Gharama kubwa hapa ni muda wa kijana anayeijua kompyuta. Udhaifu wake ni kwamba mpiga kinanda mmoja anabeba kila kitu kwa mikono miwili, na kinanda kikigoma, muziki wote umekwisha.

Mashine mbili za kulinganisha

Roland SP-404MKII ilitoka mwaka 2021 kwa dola 500 hivi huko Marekani. Akai MPC One ilitoka mwaka 2020 kwa dola 700 hivi. Tukihesabu dola kwa shilingi 2,600, tunapata shilingi 1,300,000 na 1,820,000. Ongeza VAT ya asilimia 18, zinakuwa 1,534,000 na karibu 2,148,000, kabla ya ushuru wa forodha, usafiri na faida ya muuzaji. Kwa hesabu hiyo utajua kama bei unayotajiwa Kariakoo au Mbeya ni ya haki.

Roland ina hifadhi ya ndani ya gigabaiti 16, hupiga hadi sauti 32 kwa wakati mmoja, na hutumia betri sita ndogo za AA au pawabenki. MPC One ni karakana kamili ya kutungia biti, yenye skrini ya kugusa na memori ya kazi ya gigabaiti 2, lakini haina betri. Tena wimbo wenye sauti nyingi lazima upakiwe kwanza. Wimbo wa megabaiti 300 ukisomwa kwa megabaiti 10 kwa sekunde unachukua nusu dakika, na nusu dakika ya ukimya mbele ya ukumbi uliojaa ni ndefu.

Ukipata SP-404SX iliyotumika, toleo la mwaka 2009, nayo inafaa. Inapiga sauti 12 kwa pamoja, inakubali betri, na inasoma kadi za SD hadi gigabaiti 32. Kadi ya 64 au 128 haiifai.

Hifadhi: ndogo, halisi, na mbili

Dakika moja ya sauti ya stereo, kwa ubora wa biti 16 na kilohezi 48, inachukua megabaiti 11.5. Nyimbo 100 za dakika tano zinaingia kwenye gigabaiti 6. Kwa hiyo anayekushawishi ununue kadi kubwa anakuuzia nafasi tupu. Nunua kadi mbili halisi za gigabaiti 32, moja ikae na mpiga kinanda, nyingine yenye nakala ileile ikae na katibu.

Kadi bandia huandikwa ukubwa ambao haina. Nyimbo za mwanzo hukubali, za mwisho huharibika bila onyo. Nenda dukani na kompyuta, uipime kwa programu ya H2testw, ambayo hujaza kadi yote kisha kuisoma tena. Dai risiti ya EFD, uwe na ushahidi ukiirudisha.

Mvua na umeme

Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Unyevu huo huchafua miguso ya kadi na kuleta ukungu ndani ya vyombo. Hifadhi mashine kwenye sanduku linalofunga vizuri, pamoja na vifuko vya silica gel vya kufyonza unyevu. Ukiitoa kwenye baridi na kuiingiza ukumbi wenye joto, iache kwanza ikauke unyevu kabla ya kuiwasha.

Umeme ukikatika, Roland inayotumia betri inaendelea huku jenereta ikitafutwa kwa ajili ya spika, na hakuna kinachopotea. MPC One inazimika, na kazi ambayo haijahifadhiwa inapotea nayo. Anayeichagua aweke bei ya UPS kwenye bajeti tangu mwanzo.

Ushauri wangu

Mwenye fedha kidogo anunue kadi au fleshi mbili na ajifunze kinanda alichonacho. Kwaya inayoimba harusini, kwenye mikutano ya injili na vijijini ambako umeme hauaminiki ichukue SP-404MKII. Kwa maoni yangu ndiyo inayofaa wengi wilayani. MPC One tuiachie kwaya yenye mtunzi anayetengeneza biti kila wiki na chumba chenye umeme wa uhakika. Ikiwa bajeti inawalazimu kuchagua kati ya mashine kubwa na mashine ndogo yenye nakala na betri, chukueni ndogo.