Nyoka Anayeuma Akiwa Amefunga Mdomo

Msimu wa mvua, nyoka mmoja mwembamba, mweusi au kahawia, hutoka ardhini usiku na kuonekana uani, njiani, hata ndani ya nyumba. Kichwa chake ni kidogo, hakitofautiani na shingo, na macho yake ni madogo mno. Wengi hudhani hana sumu. Wanasayansi humwita Atractaspis, na sumu anayo.

Hatari yake imo kwenye fuvu. Huwinda watoto wa panya na mijusi ndani ya mashimo membamba, mahali ambapo hakuna nafasi ya kupanua mdomo. Mfupa wake wa taya la juu ni mfupi sana, umebeba jino refu la sumu, nao huzunguka kwenye kiungo chake. Jino hilo hutokeza pembeni mwa mdomo uliofungwa, kwa kawaida upande mmoja tu, kisha nyoka huchoma kwa kuvuta kichwa nyuma.

Ndiyo maana mbinu ya kumbana nyoka nyuma ya kichwa, ambayo hata wazoefu huitegemea, haifai hapa: jino litafikia kidole. Asishikwe kwa mkono, hata akionekana amekufa.

Sumu yake huleta maumivu makali na uvimbe, na inaweza kudhuru moyo. Haina dawa yake maalumu. Madaktari hutibu dalili. Aliyeumwa avuliwe pete na bangili mapema, asichanjwe wala kufungwa kamba, atulizwe na apelekwe hospitali mara moja. Wanaotembea usiku wavae viatu na kubeba tochi.