Babati si pa kuchimba dawa tu: vivutio ambavyo wengi tunavipita kila siku

Leo nimeona tuzungumze kidogo kuhusu mji wetu wa Babati, maana hili jambo linanikera muda mrefu. Basi linatoka Arusha linaelekea Singida au Dodoma, linasimama stendi dakika kumi, abiria wanashuka kuchimba dawa, wananunua mahindi ya kuchoma, wanapanda, wanaondoka. Ukiwauliza Babati kuna nini, watakuambia "kuna stendi". Hata sisi wenyeji, kuanzia huku kwetu Mutuka mpaka Bonga, tukipata mgeni tunampeleka kula nyama choma halafu basi! Kumbe tumekalia mali.

Tuanze na Ziwa Babati, ambalo lipo mlangoni kabisa mwa mji. Ni ziwa la maji baridi, halina kina kirefu, na viboko wamejaa. Wavuvi wa pale wanatoka asubuhi na mitumbwi kutafuta perege na kambare, na ukipatana nao vizuri wanaweza kukuzungusha ukawaona viboko kwa mbali. Nasisitiza, KWA MBALI. Kiboko sio mnyama wa kuchezea, na jioni anatoka majini kwenda kula majani, kwa hiyo saa hizo usizurure ufukweni ati unapiga picha.

Lakini ziwa hili lina historia yake, tena ya machungu. Mwaka 1964 lilifurika, likafurika tena 1979, na 1990 likaingia mjini. Sababu sio mvua peke yake. Ziwa lipo bondeni, na milima inayolizunguka imefyekwa sana kwa ajili ya mashamba. Mvua ikinyesha inashuka na udongo, udongo unatua ziwani, kina kinapungua. Sufuria ukiijaza mchanga nusu, maji kidogo tu yanamwagika. Ndivyo ilivyo. Kwa hiyo anayelima mpaka ukingoni mwa ziwa anaharibu kivutio, na papo hapo anayaita maji nyumbani kwa jirani yake.

Ukiinua macho upande wa mashariki unauona Mlima Kwaraa, mita 2,415 juu ya usawa wa bahari, yaani unauacha mji chini kwa zaidi ya mita 1,000. Juu kuna msitu wa hifadhi wa Ufiome. Unapandwa na kushuka kwa siku moja kama una miguu, ila usiende kichwa kichwa: omba kibali kwa watu wa misitu na uchukue mwongozaji, kwa sababu kule kuna nyati, na tembo nao hufika.

Jina hilo la Ufiome lina habari yake. Ndilo jina la zamani la nchi hii ya Wagorowa, ambao pia huitwa Wafiome. Aprili 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wapanda farasi wa jeshi la Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer walipita hapa Ufiome wakiwasukuma Wajerumani kuelekea kusini. Waliingia Kondoa mwezi huo huo, na Mei mwaka huo Lettow-Vorbeck akawashambulia pale pale Kondoa akashindwa kuwatoa. Tunaipita njia hiyo kila siku, na wengi wetu hatujui.

Barabara yenyewe nayo ni historia. Ni kipande cha ile Barabara Kuu ya Kaskazini ambayo Waingereza waliota iunganishe Cape Town na Cairo. Kipande cha Dodoma hadi Babati, kilomita 251, kilizinduliwa rasmi kikiwa na lami mwaka 2018. Kabla ya hapo waliosafiri masika wanajua walichokiona...

Sasa ukiishika lami hiyo kuelekea Kondoa utafika Kolo. Hapo ndipo penye michoro ya mapangoni iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Kuna maeneo zaidi ya 150 yenye michoro ya watu na wanyama, na Mary Leakey alifanya kazi kubwa ya kuinakili mwaka 1951. Pango la Mungomi wa Kolo hadi leo wenyeji hulitumia kwa tambiko, kwa hiyo ingia kwa adabu. Usiguse michoro, na usiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha. Maji yanaimaliza.

Ukirudi upande wa Arusha kuna Hifadhi ya Tarangire, iliyopewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 1970. Siri yake ni mto. Mto Tarangire unaanzia milima ya Kondoa, na kiangazi sehemu nyingine zikikauka, tembo na pundamilia wanaufuata. Kuanzia Julai hadi Oktoba ndio wakati wake.

Kivutio cha mwisho ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na hakina hata kibao: msitu wa Duru-Haitemba, kusini magharibi mwa mji. Miaka ya mwanzo ya 1990 serikali ilitaka kuufanya hifadhi yake. Wanavijiji wakakataa, wakasema tuachieni tuulinde wenyewe. Baada ya mvutano wakakubaliwa, na vijiji vinane vikaanza kuulinda kwa sheria ndogo na walinzi wao. Ulikuwa mfano wa mwanzo kabisa nchini, na Sheria ya Misitu ya 2002 ilipotambua misitu ya vijiji, somo la Babati lilikuwa limeshatangulia. Watu wamekuja kutoka Ulaya kusoma jambo hilo, wakati mtoto wa Babati hajawahi kupelekwa hata na shule yake!

Halafu kuna watu wenyewe. Wagorowa na Wairaqw ni Wakushi, Wabarbaig ni Waniloti, Wambugwe na Warangi ni Wabantu. Ukisogea kidogo kuna Wasandawe na Wahadzabe wenye lugha za vidoko. Ni sehemu chache sana Afrika utakapokuta lugha za asili tofauti hivi zimekaribiana namna hii.

Kwa nini nayasema haya? Desemba 3, 2023 matope yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaua zaidi ya watu 80 pale Katesh na vijiji vya jirani. Milima yetu inapendeza kuangalia, lakini pia inatudai. Msitu wa Kwaraa ukiisha, ziwa likijaa udongo, hatutapoteza mandhari ya picha tu. Na kitu ambacho watu hawakijui hawakilindi.

Kwa hiyo mdau, safari ijayo usiishie stendi. Lala Babati usiku mmoja: alfajiri ziwani, mchana Kolo. Na sisi wenyeji, mgeni akishamaliza nyama choma, tumwonyeshe na mlima. Kama kuna sehemu nimeisahau, itajeni. Naomba kuwasilisha.