Dirisha dogo lilivyoficha deni la mama wa vitenge

KAMA nawe ulikulia Ulyankulu, Katumba au Mishamo, huenda yamekupata yaliyonipata nilipokaa mbele ya kompyuta hapa Bujumbura mwaka 2008. Nimesoma kwa Kiswahili na Kiingereza, mashine ikanisemesha Kifaransa. Hata herufi A ilikuwa imehamia mahali pa Q.

Nilikumbuka hayo siku mama mmoja wa Buyenzi, aliyerudi kama mimi, aliponiita. Huleta vitenge kutoka Kigoma kwa njia ya Manyovu na Mugina.

"Mwalimu, mteja anaapa alishamaliza kulipa, nami kwenye mashine silioni deni," alisema.

Kompyuta yake ni kuukuu, ya Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 2014. Madeni anayaandika kwenye Bloc-notes, programu nyepesi ya maandishi matupu ambayo hata mashine iliyochoka huifungua mara moja. Kila mteja ana mstari wake: tarehe, jina, doti alizochukua, na mwisho kabisa faranga zilizobaki. Dirisha lilikuwa limesinyaa kiasi cha kiganja. Mistari haikuwa imewekwa ijikunje, hivyo faranga zote zilibaki kulia, nje ya dirisha. Nilivuta ukingo, deni likatokea: faranga 85,000. Mama wa watu alikuwa karibu kusamehe bila kujua!

Tukakaa kutengeneza. Kutoka "Démarrer" tuliingia "Tous les programmes", kisha "Accessoires". Tulibonyeza Bloc-notes kwa kitufe cha kulia cha kipanya, tukachagua "Envoyer vers" na "Bureau", ili njia ya mkato ikae juu ya skrini. Hiyo nayo tukaibonyeza kulia, tukafungua "Propriétés".

Humo ndimo kwenye kazi. Penye "Cible", baada ya notepad.exe, tuliacha nafasi na kuandika C:\madeni.txt, mahali faili lake lilipo, ili lifunguke lenyewe. Penye "Exécuter" tukachagua "Agrandie", dirisha lijae skrini nzima. Kisha "Changer d'icône". Bloc-notes haina picha za kuchagua, kwa hiyo tuliandika shell32.dll kwenye kisanduku, zikamwagika picha tele. Mama akachagua mti.

Wapo watakaosema picha ni mapambo tu. Wenye Kifaransa chao waseme. Kijana wake wa dukani alizaliwa Mishamo, na kila alipotafuta Bloc-notes alifungua kikokotoo.

Nikamwongezea moja: ukibonyeza F5 ndani ya Bloc-notes, tarehe na saa hujiandika. Ila tazama kwanza saa ya mashine, maana betri yake ikifa utamdai mtu deni la mwaka 2002.

Nilipopita tena dukani, mteja alikuwa amesimama mbele ya meza, na mama alikuwa akimwambia kijana: "Fungua mti, tuone."