Boneti nyeusi haifichi mkwaruzo

Gari jeusi lililotoka kuoshwa, likiwa bado kivulini, halina mpinzani barabarani. Lipeleke juani, au lisimamishe usiku chini ya taa ya kituo cha mafuta, na habari inabadilika. Kwenye boneti, kuizunguka ile taa, hujitokeza michirizi myembamba isiyohesabika, duara ndani ya duara, na ukisogea hatua moja pembeni duara nalo linahama. Wenye magari wengi Dar es Salaam wakiiona hali hiyo husema rangi imechoka. Haijachoka. Imekwaruzwa, na sehemu kubwa ya mikwaruzo ya aina hiyo inaondoka kwa mashine, sponji na subira.

Kazi hii inafundishika, na ningependa vijana wengi zaidi wanaoosha magari waijue, kwa sababu ina heshima na ina kipato. Lakini anayetaka kuijua aelewe tangu siku ya kwanza kwamba kupiga polishi ni kupunguza. Mkwaruzo haujazwi. Unatoweka kwa sababu rangi iliyouzunguka imeshushwa kidogo kidogo mpaka ikalingana na chini ya mkwaruzo. Kilichotoka hakirudi, na fundi anayelisahau hilo ataliharibu gari huku mwenyewe akimshukuru.

Juu ya bati la gari la kisasa kuna tabaka kadhaa: za chini za kuzuia kutu na kushika rangi, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka angavu ambalo mafundi rangi wanaliita kilia. Weusi unaouona uko chini ya kilia. Mng'ao unaoupenda ni wa kilia, na ile michirizi ya duara nayo imo kwenye kilia. Ukizipima tabaka zote pamoja kwenye gari la Kijapani ambalo halijapakwa rangi upya, mara nyingi utapata kama mikroni 100 hadi 130, yaani karibu unene wa karatasi moja ya kuchapia. Kilia peke yake ni kama mikroni 35 hadi 50. Fundi hana nafasi nyingine ya kufanyia kazi zaidi ya hiyo, na humo humo ndimo vilimo viambato vinavyoikinga rangi na jua. Tazama magari ya siku nyingi yanayopita Barabara ya Morogoro, yale yenye mabaka meupe yanayobambuka kwenye paa na boneti: hapo kilia imeshindwa na jua. Anayeikwangua kwa mashine bila hesabu anaisogeza siku hiyo karibu.

Kwa nini rangi nyeusi ndiyo yenye mashitaka mengi? Gari jeupe lililoegeshwa pembeni ya jeusi, likioshwa na mtu yule yule kwa kitambaa kile kile, lina mikwaruzo ile ile. Mkwaruzo hauna rangi. Kingo zake ndizo zinazotawanya mwanga. Rangi nyeupe inarudisha mwanga mwingi, kwa hiyo ule mdogo uliotawanywa na kingo unapotea ndani yake. Nyeusi inaumeza mwanga, unabaki ule tu unaoakisiwa juu ya kilia, na hapo mchirizi mmoja ukitupa mwanga pembeni unaonekana mweupe pe. Zile duara pia si duara. Mikwaruzo imekwenda kila upande, ila inayong'aa machoni ni ile iliyoukatisha mwanga kwa pembe fulani, ndiyo maana inaonekana kana kwamba imejipanga kuizunguka taa. Ndiyo maana pia anayekagua gari jeusi huzima taa za tyubu na kutumia tochi moja kali, au hulipeleka juani. Anga likiwa la mawingu, gari lolote jeusi litaonekana zima, na wauzaji wa magari wanalijua hilo.

Magari yetu mengi yanafika yakiwa yameshaishi maisha mengine. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, na Tanzania inalitoza gari kuukuu ushuru wa ziada, lakini hata gari la miaka 7 limeshapita mara nyingi kwenye mashine za kuoshea za Japani zenye brashi. Likiteremka bandarini Dar es Salaam au Mombasa linakutana na adui mkubwa kuliko brashi: dasta kavu ya asubuhi. Vumbi letu lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko kilia yoyote. Mtu anayefuta gari kavu kila alfajiri kabla bosi hajatoka anafanya kazi kwa moyo wake wote, na kwa moyo huo huo analipiga msasa.

Ugumu wa kilia nao unatofautiana. Toyota nyingi zina kibao kidogo chenye maandishi C/TR, na humo imeandikwa namba ya rangi. Ukikuta 202, ni nyeusi tupu isiyo na chembe za kumetameta, na miongoni mwa wapiga polishi duniani ina sifa ya kuwa laini mno. Inakwaruzika hata kwa taulo lisilo safi. Inatengenezeka upesi, halafu inaharibika upesi. Magari ya Kijerumani mara nyingi yana kilia ngumu zaidi, ambayo inataka sponji kali na muda mrefu. Dawa iliyofanya maajabu kwenye gari la jana inaweza kuliachia la leo ukungu mtupu.

Mashine ziko za aina mbili. Ya kwanza inazungusha sponji mahali pamoja tu, kati ya mizunguko kama 600 na 3,000 kwa dakika. Inakata haraka na inapasha rangi joto haraka, na mkononi mwa asiyezoea inaacha mistari mipana inayotembea juani kadiri unavyotembea. Ya pili inazunguka huku ikiyumba. Kituo cha sponji hakitulii mahali pamoja, kinachora mduara wa milimita 8, 15 au 21 kutegemea mashine. Kampuni ya Rupes ya Italia ndiyo iliyozipa umaarufu zile zenye myumbo mkubwa wa 15 na 21. Kwa anayejifunza sina shaka: aanze na hii ya pili, hasa kwenye nyeusi. Kuna ya tatu isiyostahili kuwapo kwenye orodha, nayo ni grenda ya kukatia chuma iliyofungwa sponji. Grenda ndogo inafika mizunguko kama 11,000 kwa dakika. Haijatengenezwa kwa kazi hii, na nimeona kona za milango zilizolika mpaka rangi ya chini ikatokeza kwa sababu yake.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii ni kipande cha majaribio, na fundi mmoja wa Sinza ndiye aliyenifundisha kukiheshimu. Kabla ya hapo gari limeoshwa, limesuguliwa kwa udongo maalumu wa kunasa uchafu uliogandia, na limekaushwa. Kujua kama udongo umefanya kazi, unavaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na kupitisha vidole juu ya rangi. Plastiki inakuza kila kipele ambacho ngozi tupu isingekihisi. Kisha fundi anabandika tepu ya karatasi kwenye boneti, mraba wa kama sentimita 40 kwa 40, na anazungushia tepu pia kingo na plastiki nyeusi zisizong'aa, kwa kuwa polishi ikikaukia humo inaacha weupe usiotoka.

Anachukua sponji laini kuliko zote alizonazo na polishi nyepesi kuliko zote. Mwanafunzi yeyote angeshika kali, kwa sababu mikwaruzo anaiona na haraka anayo. Fundi anaweka matone manne. Anaigusisha sponji kwenye rangi hapa na pale, anaiwasha mashine polepole kutandaza, ndipo anaongeza mwendo. Mkono unakwenda taratibu, sentimita mbili tatu kwa sekunde, kutoka kushoto kwenda kulia, kila mstari ukilalia nusu ya mstari uliotangulia. Halafu juu kwenda chini, vivyo hivyo. Pembeni ya bamba linaloshika sponji amechora mstari kwa kalamu nyeupe. Nilidhani ni alama ya mwenye mali. Kumbe ni ya kuonyesha kama sponji inazunguka. Mashine inayoyumba ikikandamizwa sana au ikiinamishwa, mzunguko unakufa na kinachobaki ni mtetemo. Sauti haibadiliki sana, ila kazi haifanyiki. Ule mstari ukionekana umesimama, unalegeza mkono.

Akimaliza anafuta kwa taulo safi la maikrofaiba, kisha anapuliza spirit iliyochanganywa na maji na kufuta tena. Hatua hii watu wanaikwepa na ndiyo yenye ukweli. Polishi nyingi zina mafuta, na mafuta yanajaa ndani ya mkwaruzo na kuuficha. Spirit inayaondoa. Kisha tochi. Kama duara zimepungua kwa kiwango kinachomridhisha, dawa imepatikana na gari zima litapigwa hivyo hivyo. Kama bado, anabadilisha kitu kimoja tu, ama sponji ama polishi, na kurudia. Akibadilisha vyote viwili hatajua kipi kilimsaidia. Siku ile jibu lilikuwa sponji ya katikati na polishi ile ile nyepesi, na upande wa pili wa tepu ukabaki kama ulivyokuja. Kuona pande mbili za boneti moja zimegawanywa na mstari wa tepu, upande mmoja taa imetulia na mwingine imezungukwa na michirizi, kulinifundisha zaidi ya maelezo yoyote.

Baada ya hapo ni kipande kwa kipande, na kila kipande sponji inasafishwa kwa brashi ngumu, kwa sababu kilia iliyokatwa pamoja na polishi iliyokauka vikibaki humo vinaanza kukwaruza upya. Kazi inafanyika kivulini, asubuhi. Boneti ya gari jeusi lililokaa juani mchana wa Januari hapa Dar haishikiki, na polishi juu yake inakauka kabla haijakata. Bampa ni za plastiki, hazitawanyi joto kama bati, kwa hiyo mashine haikai juu yake muda mrefu. Kwenye kingo na mikunjo ya bodi kilia huwa nyembamba zaidi, na huko mkono mwepesi au kutogusa kabisa ndiyo salama.

Kabla ya yote hayo kuna kipimo, na nasikitika kuona gereji nyingi hazina. Kidude cha kupima unene wa rangi juu ya bati kinafanya kazi kwa sumaku, na juu ya alumini kwa mkondo wa umeme. Cha kawaida hakisomi juu ya plastiki. Kikisoma mikroni 110 kila mahali, rangi huenda ni ya kiwandani. Mlango mmoja ukisoma 250, umepakwa upya. Ukisoma zaidi ya 1,000, chini yake kuna puti na gari liliwahi kugongwa. Na paa likisoma 75, fundi mwaminifu anaiweka mashine chini na kumweleza mwenye gari kwamba hapo hataweza kukata.

Mkwaruzo unaonasa ukucha nao ni hivyo hivyo. Ule wa funguo za mtoto wa jirani, au wa mpini wa bodaboda kwenye foleni ya Ubungo, mara nyingi umeshapita kilia. Kuufukuza kwa mashine mpaka chini ni kumaliza kilia yote inayouzunguka. Unalainishwa kingo zake ili using'ae sana, basi. Mteja asiyetaka hata huo aende kwa fundi rangi.

Japani kwenyewe weusi unaong'aa una historia ndefu kuliko gari. Kwenye vyombo vya mbao vinavyopakwa utomvu wa mti wa urushi kuna umaliziaji unaoitwa roiro: tabaka la mwisho linasuguliwa kwa mkaa na maji, kisha linang'arishwa kwa unga laini sana, kwa vidole na viganja. Toyota Century iliyotoka mwaka 2018 ina nyeusi yenye tabaka 7 iliyochukua mfano wa kazi hiyo, na katikati ya tabaka inapigwa msasa wa maji mara 3 kabla ya kung'arishwa. Nalitaja hili kwa sababu hapa kwetu mng'ao unahesabiwa kuwa jambo la chupa, la kununua na kupaka. Waliouendeleza kwa karne nyingi wanauhesabu kuwa jambo la mkono.

Gari jeusi lililopigwa polishi siku mbili nzima linaweza kurudi lilikotoka kwa kuoshwa vibaya asubuhi moja. Maji kwanza, mengi, kutoka juu kwenda chini, mpaka mchanga umeondoka kabla kitambaa hakijagusa rangi. Ndoo mbili, moja ya sabuni ya gari na moja ya kusuuza glavu ya kuoshea, kwa sababu mchanga uliotoka mlangoni ukirudi kwenye sabuni utarudi kwenye boneti. Sabuni ya unga ya kufulia ikae kando. Magurudumu yawe na kitambaa chake. Kukausha ni kwa taulo nene la maikrofaiba linalolazwa juu ya maji na kuvutwa taratibu bila kukandamizwa. Na asubuhi za katikati ya wiki, vumbi likiwa limetanda, gari liondoke na vumbi lake mpaka maji yapatikane. Dasta ina kazi kwenye dashibodi.