Mtoto Akipasuliwa Kifua, Miguu Itapooza?

Maneno haya umeshayasikia. Kama unaishi Isevya, au umewahi kusubiri zamu yako kwenye benchi la kliniki popote Tabora, hayajakupita: mtoto ana uvimbe kifuani, madaktari wanataka kumpasua, na tayari kuna shangazi aliyejifunga kanga vizuri na kusema, "Msikubali. Wa jirani yetu aliingia anatembea, akatoka amebebwa." Kauli hiyo ina nguvu kuliko barua ya rufaa. Tuichambue, pamoja na ndugu zake wanaotembea nayo. Nikuonye mapema kwamba shangazi hajakosea kila kitu.

"Saratani ni ya watu wazima."

Si kweli, na hapa hatuhitaji kubishana. Tangu mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, akiwa Uganda, alieleza uvimbe wa taya za watoto ambao unaitwa kwa jina lake hadi leo. Unaotuhusu sisi ni mwingine, nuroblastoma. Wagonjwa wake karibu wote ni watoto wa chini ya miaka 5, na wengi hata miaka 2 hawajafikisha. Huweza kuota kwenye mnyororo wa neva unaoteremka kando ya pingili za mgongo, toka shingoni hadi nyonga. Karibu mtoto 1 kati ya 5 wenye ugonjwa huu huwa nao kifuani, nyuma kabisa, ubavuni mwa mgongo.

"Kifua ni kifua, miguu ni miguu."

Si kweli, na hapa ndipo kilipo kisa chote.

Ndani ya pingili unapita ugwe wa mgongo, uzi mnene wa neva unaopeleka amri za ubongo hadi vidoleni. Ugwe huo unahitaji damu saa zote. Mbele yake unashuka mshipa mmoja tu, nao hulisha karibu theluthi mbili ya ugwe. Nyuma kuna miwili midogo. Ule wa mbele hauwezi kuimaliza safari peke yake. Njiani huongezewa damu na mishipa michache inayochipuka kutoka kwenye mshipa mkuu wa moyo, aota, na kupita kati ya mbavu. Mkubwa kuliko yote umepewa jina la Albert Adamkiewicz, daktari wa Poland aliyechapisha uchunguzi wake wa mishipa ya ugwe mwaka 1881 na 1882, akiwa mwalimu huko Kraków. Nasema mkubwa, lakini hata kwa mtu mzima upana wake ni kama milimita 1.

Tabora tuna mfano wetu. Misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe, ikishamaliza Ugogo, iliingia Mgunda Mkali, pori refu lenye visima vya kuhesabu. Kisima kimoja kikikauka, walioumia hawakuwa wale waliosimama pale kisimani tu. Kiu iliwakuta mbele ya safari. Ugwe wa chini unaishi hivyohivyo. Mshipa wa Adamkiewicz ukikatwa au ukifungwa kifuani, kiu huikuta miguu, na hukikuta kibofu na njia ya haja kubwa. Mtoto hasikii maumivu wala joto miguuni. Ajabu ni kwamba bado anaweza kujua kidole chake cha mguu kimekunjwa juu au chini, kwa sababu neva za hisia hiyo hupita nyuma ya ugwe, na huko damu inaletwa na mishipa mingine.

"Atapooza tu."

Si kweli. Shangazi ameushika mzizi sahihi, ila kiasi kimemshinda. Mwaka 1972 madaktari walikusanya taarifa za upasuaji zaidi ya 12,000 wa aota iliyobanwa, operesheni nyingine ya kifua inayoweza kuunyima ugwe damu. Waliopata madhara ya ugwe walikuwa 51, yaani kama 4 katika kila 1,000. Uvimbe ni jambo tofauti na aota, kwa hiyo usiibebe namba hiyo kama ilivyo. Lakini inatuonyesha kwamba "tu" ya shangazi haina msingi.

Hatari yenyewe inategemea mahali. Mwaka 2009 wataalamu wa kimataifa wa nuroblastoma walitoa orodha ya mambo ambayo yakionekana kwenye picha, upasuaji huhesabiwa kuwa wa hatari zaidi. Mojawapo ni uvimbe wa chini ya kifua uliopenya pale ubavu unapoungana na uti wa mgongo, kati ya pingili ya 9 na ya 12 ya kifua. Hiyo ni mitaa ya Adamkiewicz. Uvimbe ulioko juu, karibu na shingo, una matata yake mengine, kama kope kulegea upande mmoja, lakini mshipa huu kwa kawaida hauko huko.

Kuna jambo shangazi hasimulii. Uvimbe wenyewe unaweza kupita kwenye matundu yaliyo kati ya pingili, ukaingia ndani ya mfereji na kuubana ugwe. Mtoto hupooza bila kuguswa na kisu chochote.

"Madaktari wanajua mshipa ulipo, ni uleule kwa kila mtu."

Si kweli, na hili hata baadhi ya wasomi huliamini. Kwa watu kama watatu kati ya wanne, mshipa wa Adamkiewicz hutokea kushoto, na mara nyingi kati ya pingili ya 9 na ya 12 ya kifua. Waliobaki wanao kulia, au juu zaidi, au chini kiunoni, na wapo wenye zaidi ya mmoja. Kitabu kinampa daktari uwezekano. Mahali ulipo kwa mtoto huyu aliyelala mezani, kitabu hakijui.

"Eksirei inatosha."

Si kweli. Eksirei huonyesha kivuli, chembechembe za chokaa ndani yake, pengine na mbavu zilizosukumwa zikaachana. MRI huonyesha kama uvimbe umeingia mferejini. CT scan yenye dawa ya kuonyesha mishipa wakati mwingine humnasa Adamkiewicz, lakini kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu mshipa huo ni mwembamba mno, kwa hiyo usipoonekana haina maana kwamba haupo. Kipimo kinachouona vizuri zaidi ni angiografia ya ugwe. Mtoto hupewa nusu kaputi, mrija mwembamba huingizwa kwenye mshipa wa kinena na kupandishwa hadi ndani ya aota, kisha dawa yenye iodini humiminwa kidogo kidogo kwenye mshipa wa kila ubavu, kushoto na kulia, picha zikipigwa. Adamkiewicz hujitaja mwenyewe kwa mwendo wake: hupanda, hufika mbele ya ugwe, hugeuka ghafla na kushuka.

"Hiyo dawa ya rangi ndiyo inayopoozesha."

Nusu kweli. Dawa za zamani, za katikati ya karne iliyopita, ziliwahi kuudhuru ugwe, na kumbukumbu hiyo haikutoka hewani. Za leo ni pole zaidi. Hata hivyo hatari hazijaisha: damu kuvuja kinenani, mzio, figo kuelemewa, mionzi, na mara chache sana mshipa wenyewe kuziba. Ndiyo maana si kila mtoto hupelekwa huko. Madaktari wa upasuaji wenyewe hawajakubaliana. Taarifa zilizopo ni za watoto wachache wachache kutoka hospitali mojamoja, na wapo wanaosema mkono mwangalifu unatosha. Mimi naona hivi: uvimbe ukiwa kati ya pingili ya 9 na ya 12 na umeng'ang'ania mbavu, ni haki kuitaka picha, mradi anayeshika mrija amezoea watoto. Kama hajawazoea, afadhali asiushike.

"Uvimbe usipotoka wote, kazi bure."

Si kweli kwa aina hii. Picha ikionyesha mshipa unapita katikati ya uvimbe, daktari anaweza kuamua tangu mwanzo kuacha kipande. Ganglionuroma, ndugu mpole wa nuroblastoma, huweza kubaki kipande bila kumsumbua mtoto. Hata nuroblastoma ya hatari ndogo huvumilia mabaki, na kwa baadhi ya watoto wachanga hunywea yenyewe. Zile kali hutibiwa kwanza kwa dawa za saratani ili zipungue, kisha ndiyo kisu. Na ule usemi kwamba saratani ikiguswa na chuma au hewa husambaa? Si kweli. Wengi hufika hospitali imeshasambaa, na lawama huangukia kisu kilichoikuta.

"Mtoto aliyekuwa anatembea akirudi kutambaa, si bure."

Kweli tupu, na hapa nawavulia kofia mabibi. Anayemwogesha mtoto kila siku huona mguu unaoburuzwa kabla ya mashine yoyote. Inaweza kuwa uvimbe unabana ugwe, inaweza kuwa kifua kikuu cha mgongo, inaweza kuwa uvimbe wa Burkitt. Yote matatu yana matibabu, lakini ugwe uliobanwa huhesabiwa kwa saa na siku. Bibi akishasema, safari ni Hospitali ya Kitete, leo. Chale za mgongoni hazifiki ndani ya mfereji; kazi yake ni kula muda.

"Mambo hayo ni ya India."

Hii ilikuwa kweli, sasa inazeeka. Watoto wenye saratani hutibiwa Muhimbili, na Bugando kule Mwanza. Mafunzo ya madaktari wanaotibu kwa mirija wakiongozwa na picha yalianza Muhimbili mwaka 2018, na mwaka uliofuata chuo kikuu chake, MUHAS, kikafungua shahada ya fani hiyo. Angiografia ya ugwe kwa mtoto mdogo, hata hivyo, ni kazi ya hospitali chache popote duniani, kwa hiyo usishangae ukiambiwa ratiba au rufaa zaidi.

Ukiwa na barua mkononi, muulize daktari wa upasuaji: uvimbe uko usawa wa pingili ya ngapi, umeingia mferejini au haujaingia, na mshipa unaolisha ugwe umetafutwa? Asikasirike, kuuliza si ujinga. Akikujibu kwamba uvimbe uko juu, mbali na mshipa huo, na angiografia ingemwongezea mtoto hatari bila faida, hilo nalo ni jibu zuri.