Chanjo ya sumu: kwa nini haimuui mbuzi wako?

Vijana wafugaji wa Mbeya na Iringa, wengi mnaogopa chanjo mkisikia imetokana na sumu ya bakteria. Ngoja nieleze.

Chukua ugonjwa wa sumu ya utumbo. Bakteria wake anaishi tumboni mwa mbuzi na kondoo bila shida. Lakini ukishavuna mahindi ukawamwagia pumba nyingi ghafla, anazaliana haraka na kutoa sumu kali. Mara nyingi anayetangulia kufa ni yule aliyenona, uliyemtegemea sokoni.

Kiwandani bakteria huyo hukuzwa, sumu yake huchujwa, kisha hutiwa fomalini na kuachwa kwenye joto kwa siku kadhaa. Makali yanakwisha, umbo linabaki. Kabla ya kuuzwa hupimwa kuhakikisha hakuna sumu iliyobaki. Njia hii aliianzisha daktari wa mifugo Mfaransa, Gaston Ramon, miaka ya 1920. Hata chanjo ya pepopunda tunayochomwa sisi watu hutengenezwa hivyo.

Mwili ukiona umbo lile, unajiandaa kabla adui hajafika. Kwa hiyo:

- Chanja kabla ya kuanza kunenepesha. Aliyekwisha kuugua, chanjo haimponyi.
- Dozi ya kwanza inafundisha mwili tu. Rudia baada ya wiki 4 hadi 6. Ukiruka ya pili, umetupa hela.
- Hifadhi kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda, usiitumie.
- Pumba ongeza kidogo kidogo, hata ukishachanja.